Kozi ya mtandaoni ya kusimamia vitabu vya maktaba: isome ukiwa na rafu yako pembeni

Wengi tunaofanya kazi maktaba tunaijua hii. Unajiandikisha kozi ya mtandaoni ya usimamizi wa makusanyo, yaani kuchagua, kutunza na kuondoa vitabu vya maktaba, wiki ya kwanza moto kwelikweli, wiki ya tatu video unaziacha zinaongea zenyewe huku unapanga vitabu vilivyorudi, mwishoni unajibu maswali ya kuchagua, cheti kinakuja kwa imeili, unakiprinti, afu rafu zako ziko vilevile. Mi nimefanya hivyo mara mbili kabla sijashtuka, na sa hivi mwenzangu akiniulizia kozi namwambia achague rafu kwanza, kozi baadaye.

Rafu moja tu, usijifanye shujaa wa chumba kizima. Chukua ile ambayo ukipita unageuza macho. Mi nilichukua 004 mpaka 006, vitabu vya kompyuta, maana vilikuwa vimebanana hadi kuvuta kimoja unavuta vitatu. Toa orodha kwenye mfumo wenu wa kompyuta wa maktaba, kama mnatumia programu ya Koha ina sehemu ya ripoti, unataka namba ya kitabu, jina, mwaka wa kuchapishwa, kimeazimwa mara ngapi na tarehe ya mwisho kuazimwa. Kama hamna mfumo basi kaa chini na daftari ufungue kila kitabu usome mihuri ya tarehe nyuma, inachosha lakini rafu moja inawezekana ndani ya asubuhi moja. Hiyo orodha ndo daftari lako la kozi nzima.

Sasa kozi yenyewe. Za bure zipo, tovuti ya WebJunction inayosimamiwa na OCLC, shirika la ushirikiano wa maktaba, ina masomo mengi ya wafanyakazi wa maktaba unasoma kwa muda wako na cheti unapata. Za kulipia, chama cha wakutubi wa Marekani, ALA, kina kozi za wiki kadhaa zenye mwalimu anayesahihisha kazi zako. Tofauti kubwa kwangu sio hela, ni hapo kwenye kusahihishwa. Kabla hujajiunga fungua muhtasari uangalie kama wanagusa sera, kuchagua, kutathmini na kuondoa, na kama kuna kazi ya kuandika kuhusu maktaba yako mwenyewe, ukikuta ni video na maswali ya kubofya tu ujue hiyo ni ya kupashia misuli. Angalia pia imetengenezwa kwa ajili ya nani, maana kozi ya maktaba ya chuo kikuu itakumaliza na majarida ya kielektroniki wakati we una shida ya vitabu vya hadithi vya watoto vilivyopasuka.

Muda ni kitu kingine, omba uwekwe kwenye ratiba ya zamu, kwa maandishi, masaa mawili kwa wiki mbali na kaunta. Ukisema utasoma kaunta kukiwa kimya hutasoma, kwa sababu siku utakayofungua laptopu ndo siku kila mtu anataka fotokopi. Na kama intaneti inasumbua pakua maandishi ya somo badala ya video, unasoma haraka zaidi hata.

Somo ambalo wengi wanalikimbia ni la kuondoa vitabu, wenyewe wanaita kupalilia, na ndilo tamu kuliko yote. Utakutana na njia ya CREW, mwongozo wake umetolewa na maktaba ya jimbo la Texas na uko bure mtandaoni, ndani yake kuna neno MUSTIE, herufi sita na kila moja ni sababu ya kutoa kitabu: kinapotosha, kimechakaa, kuna toleo jipya lililokipita, hakina uzito wowote, wasomaji wako hawakihitaji, au kinapatikana kirahisi kwingine. Vitabu vya kompyuta wanavipa miaka mitatu tu tangu kuchapishwa, hata kama bado vinaazimwa! Nilibisha sana hapo. Kwenye orodha yangu kinara alikuwa kitabu cha kujifunza Windows XP, karatasi ya nyuma mihuri imejaa mpaka pembeni, ukitazama jumla unasema hiki ni lulu, lakini muhuri wa mwisho ulikuwa wa miaka na miaka nyuma na Microsoft wenyewe waliachana na XP Aprili 2014. Jumla inakudanganya, angalia tarehe ya mwisho. Jirani yake kulikuwa na historia ya kompyuta, kimetoka mara mbili tu, nikakiacha, maana hakizeeki na hatuna kingine cha hivyo. Hapo ndo nilielewa kwamba orodha inakuonyesha pa kutazama, kuamua ni juu yako.

Na zile namba za kwenye kozi usizibebe kama maandiko. Mtafiti mmoja wa matumizi ya maktaba, Trueswell, miaka ya 1960 alionyesha karibu asilimia 80 ya uazimaji inatoka kwenye asilimia 20 hivi ya vitabu, sawa, lakini toa hesabu ya rafu yako uone ikoje, halafu ipeleke kwenye mjadala wa darasa, walimu wanapenda sana mtu mwenye namba zake.

Kitu ambacho kozi zangu zilipita juujuu ni kinachofuata baada ya kuamua. Nilitoa boksi zima la vitabu nikaviweka nje bila kugonga muhuri wa kuondolewa, ndani ya wiki watu wema wakaanza kuvirudisha kaunta wakidhani vimepotea, mmoja anaomba na asante. Tena kwenye katalogi nilikuwa sijavifuta, msomaji akawekea oda kitabu ambacho hakipo, tukakitafuta siku nzima. Kwa hiyo: futa kwenye katalogi, gonga muhuri, toa lebo, ndo kitoke mlangoni. Na bosi awe ameshasaini orodha kabla, maana siku mtu akilalamika mnatupa vitabu utaitwa we.

Kazi ya mwisho mara nyingi ni kuandika sera. Wenzako watakopi ya maktaba kubwa kurasa thelathini, we andika ukurasa mmoja mnaoweza kuufuata: mnanunua nini, nani anaamua, rafu ipi inapitiwa lini. Pasikose sentensi ya misaada, kwamba mnapokea vitabu kwa sharti kwamba maktaba ndiyo itakayoamua viwekwe, vigawiwe au vitupwe. Mtu akifika na maboksi ya ensaiklopidia za zamani humkatalii kwa mdomo wako, unamwonyesha karatasi.