Fyuzi ya pikapu ikiungua: kuitafuta, kuibadilisha na kupata kilichoiunguza

Mfano wetu ni Toyota Hilux ya volti 12, maana ndiyo imejaa barabarani. Kwa Isuzu D-Max au Nissan Navara hatua ni zilezile. Hubadilika mahali boksi lilipo na majina kwenye kifuniko.

Andaa testa ya taa (ile yenye sindano na waya wa klipu), tochi, kibanio cha fyuzi, na fyuzi za akiba za ampea 7.5, 10, 15, 20 na 30, mbilimbili. Kibanio mara nyingi kimebanwa ndani ya kifuniko cha boksi. Ongeza balbu moja ya breki ya wati 21 iliyolehemewa waya mbili. Kazi yake utaiona hatua ya 6.

Hatua ya 1: Angalia vilivyozima pamoja

Boneti isubiri kwanza. Taa moja ya breki ikizima na mwenzake anawaka, usihangaike na fyuzi. Tatizo ni balbu, soketi au ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi) ya taa hiyo. Zikizima zote, shuku fyuzi iliyoandikwa STOP kwenye kifuniko cha boksi, au swichi ya pedali. Taa ndogo, taa ya namba na mwanga wa dashibodi vikiondoka pamoja, ni TAIL. Taa ya ndani imekufa na saa inajisahau? DOME. Kwenye gari la otomatiki, gia ikigoma kutoka P (ya kuegesha) hata ukikanyaga breki, anza na STOP.

Hatua ya 2: Fungua boksi

Kwa kawaida yako mawili: moja chini ya boneti, jingine chini ya dashibodi. Mchoro uko kwenye kifuniko au kwenye kitabu cha gari. Gari lililoagizwa Japani likiwa limetumika linaweza kuwa na maandishi ya Kijapani. Yapige picha uyasome kwa programu ya kutafsiri. Lipige picha na boksi lenyewe kabla hujachomoa kitu.

Hatua ya 3: Pima bila kuchomoa

Bana klipu kwenye minasi ya betri au kwenye chuma kisicho na rangi, kisha gusa plasi ya betri kwa sindano. Testa isipowaka hapo, rekebisha klipu kwanza. Weka ufunguo ON, washa kifaa unachokitafuta. Mgongoni mwa kila fyuzi kuna vitundu viwili vinavyoonyesha chuma. Gusa kimoja, halafu cha pili.

Testa ikiwaka pande zote mbili, fyuzi ni nzima. Ikiwaka upande mmoja tu, imeungua. Isipowaka popote, usiilaumu fyuzi: umeme haujafika hapo, tafuta nyuma yake kwenye relei (swichi inayoendeshwa na umeme), swichi ya ufunguo au fyuzi kubwa. Fyuzi za airbag usiziguse kwa testa ya balbu kabisa, na za kompyuta ya gari zipime kwa mita ya umeme (multimeter).

Hatua ya 4: Ichomoe, uisome

Zima ufunguo, bana fyuzi, vuta wima bila kuitikisa pembeni. Imulike. Plastiki ikiwa na moshi mweusi na uzi wa chuma ulio ndani umetoweka, kuna shoti kali. Uzi uliokatika kwa usafi huashiria mzigo uliozidi kidogo, au fyuzi imechoka. Na kama plastiki imeyeyuka huku uzi ni mzima, meno ya soketi yamelegea na yanatoa joto. Hapo fyuzi mpya nayo itayeyuka; tengeneza soketi.

Hatua ya 5: Rudishia ampea zilezile

Rangi ndiyo lugha yake: 7.5 kahawia, 10 nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 25 nyeupe inayopenya mwanga, 30 kijani. Linganisha na umbo pia. Ya kawaida ina upana wa milimita 19 hivi, mini 11 hivi.

Tafadhali usipandishe ampea, wala usizungushie waya au karatasi ya sigara. Fyuzi ya 10 iliwekwa kwa sababu waya uliopita chini ya zulia unahimili kiasi hicho. Ukiweka 30, kitakachoungua ni waya, na moto utaanzia mahali mkono haufiki. Aliyefunga spoti (taa za ziada za mbele) mbili za wati 100 amejiongezea ampea karibu 17. Fyuzi ya 15 ikikatika inafanya kazi yake. Spoti hizo zivutie waya wake kutoka betri, wa milimita 4 za mraba, wenye relei na fyuzi ya 25 karibu na betri.

Hatua ya 6: Ikiungua tena, tumia balbu

Usiendelee kuchoma fyuzi. Ingiza waya mbili za ile balbu kwenye soketi, mahali pa fyuzi. Hata kukiwa na shoti, balbu haitapitisha hata ampea 2, kwa hiyo una muda wa kutafuta.

Chukua STOP. Chomoa balbu zote za breki, na ile ya juu. Balbu yako ikiwaka kabla hujakanyaga pedali, shoti iko kati ya boksi na swichi ya pedali. Ikiwaka ukikanyaga tu, iko baada ya swichi, kuelekea taa za nyuma. Kaza pedali kwa fimbo iliyoegemezwa kwenye kiti, nenda nyuma, chomoa plagi moja moja: ya tela, ya taa ya kushoto, ya kulia. Plagi itakayoizima balbu ndiyo yenye upande mbovu. Hakuna inayoizima? Fuata waya kwenye chesisi ukiutikisa. Balbu itakapopepesa, simama hapo.

Kwenye pikapu, anza na soketi ya tela iliyojaa tope, waya wa taa ya namba unaokunjwa na mlango wa bodi, na pale waya unaposuguana na chesisi. Utaona alama ndogo tu: plastiki imelika, shaba inang'aa. Kata, lehemu, funika kwa mpira wa kusinyaa, na uufunge waya usisugue tena.

Fyuzi kubwa za kufungwa kwa bolti

Hizi hazichomolewi kwa kibanio. Ya ALT (ya jenereta) huungua betri ikiunganishwa kinyume wakati wa kubusti, yaani kuwasha kwa betri ya gari jingine. Fungua minasi ya betri kwanza, kisha bolti za fyuzi, weka mpya yenye ampea zilezile, kaza vizuri, minasi irudi mwisho. Washa injini, pima betri: ukipata volti kati ya 13.5 na 14.5, jenereta inachaji.