Bima ya mpangaji Malindi: sharti la mkataba, usimamizi wa jumba, na siku ya kudai

Sheria ya Kenya haimlazimishi mpangaji wa nyumba ya kuishi kukata bima. Sharti hilo likiwapo limetoka kwenye mkataba, na hapa Malindi utalikuta zaidi kwenye majumba yenye ofisi ya usimamizi, bwawa la kuogelea na mlinzi getini, kama yale ya Casuarina, kuliko kwenye nyumba za mitaani unakomlipa mwenye nyumba moja kwa moja. Hata pasipo sharti, bima yafaa, maana bima ya mwenye jumba inalinda kuta, paa na mabomba. Kwa majumba ambayo kila fleti ina mmiliki wake, sheria ya mwaka 2020 inawapa wamiliki shirika la pamoja ambalo mojawapo ya kazi zake ni kulikatia jengo bima. Friji yako, godoro lako na kabati lako havimo humo.

Mkataba ukitaja bima, usitie sahihi kabla ya kujua unadaiwa nini hasa. Huenda ni bima ya vitu vya ndani, huenda ni ya dhima ya mkaaji, yaani hasara utakayomsababishia mwengine ukiwa ndani ya fleti, na mara nyingi ni zote mbili. Kwa dhima, mwambie wakala aandike kiwango cha chini kwa shilingi, kwa sababu neno "ya kutosha" litakuja kuwaletea ugomvi. Wengine hutaka jina la mwenye nyumba liandikwe kwenye hati ya bima kama mwenye maslahi. Hilo halina ubaya kwa upande wa dhima, lakini kwa vitu vyako likatae: fidia ya televisheni yako haimhusu.

Kuna jambo moja wapangaji wengi hawaliulizi. Kampuni ya bima ikishamlipa mwenye jumba kwa moto ulioanzia jikoni kwako, ina haki ya kukugeukia wewe ikudai. Omba kipengele kinachosema kwamba bima ya jengo haitamdai mpangaji isipokuwa amefanya makusudi. Usimamizi ukikataa, basi ongeza kiwango cha dhima yako.

Kukata bima yenyewe

Bima ya nyumba Kenya huuzwa kama kifurushi chenye sehemu zilizopewa herufi. Kwa mpangilio wa kawaida A ni jengo, B ni vitu vya ndani, C ni vitu vya kubeba kama simu, kamera na kompyuta, D ni kuumia kwa mfanyakazi wa nyumbani, E ni dhima ya mwenye nyumba na F ni dhima ya mkaaji. Mpangaji anahitaji B na F. Ongeza C ikiwa kompyuta yako hutoka nje, na D ikiwa una dada wa kazi. A na E si zako, na wakala akikuuzia atakuwa amekuuzia hewa.

Piga hesabu chumba kwa chumba, na uandike bei ya kununua kitu kama hicho leo. Hapa ndipo watu huumia. Tuseme vyombo vyako vyote vina thamani ya Sh600,000, ukaviandikisha kwa Sh400,000 ili ada ya bima ishuke. Moto ukateketeza vitu vya Sh150,000. Kampuni haitakulipa 150,000, itasema umekata bima ya theluthi mbili tu, kwa hivyo utapata theluthi mbili ya hasara, Sh100,000, kisha itoe ile sehemu ambayo hati inakutaka uibebe mwenyewe. Tena hati nyingi hazihesabu kitu kimoja kuwa na thamani ya zaidi ya asilimia 5 ya jumla ikiwa hakikutajwa peke yake, mbali na samani na vyombo vya nyumbani vya kawaida. Mkufu wa dhahabu wa arusi utaje kwa jina, uzito na picha.

Juu ya ada utakuta asilimia 0.2 ya tozo ya mafunzo, asilimia 0.25 ya mfuko wa kuwalinda wenye bima, na stempu ya Sh40. Makato mengine nje ya hayo ulizia ni ya nini. Hakikisha kampuni na wakala wana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, na ulipe kwa akaunti au paybill ya kampuni, si kwa nambari ya simu ya mtu. Bima haianzi hadi ada ilipwe. Asiyetaka bima ya kawaida kwa sababu ya riba na gharari (mkataba usio na uhakika), takaful, yaani bima ya Kiislamu, ipo Kenya tangu mwaka 2011. Mfumo wake ni wa kuchangiana, lakini masharti ya kudai yanafanana sana na ya bima nyingine, kwa hivyo yasome vilevile.

Sasa makuti. Fomu ya maombi itauliza paa limeezekwa kwa nini, na Malindi na Lamu swali hilo ndilo zito kuliko yote. Kampuni huyahesabu makuti kuwa hatari kubwa: huongeza ada, huweka masharti ya vizima moto, au hukataa kabisa. Jumba lako likiwa la zege kutoka chini hadi juu lakini darini kuna baraza la makuti la kupungia upepo, andika hivyo hivyo. Usiseme tu "zege" kwa kuwa fleti yako iko ghorofa ya kwanza. Upepo wa kaskazi ukipeperusha cheche hadi kwenye makuti yale, mkadiria hasara, yule anayetumwa na kampuni kupima madhara, atapanda darini, na jibu la uongo kwenye fomu linatosha kukunyima fidia yote.

Jua pia kisicholipwa. Kutu ya chumvi ya bahari kwenye kompresa ya friji ni uchakavu, hailipwi. Mchwa kwenye kabati, hivyo hivyo. Wizi usio na dalili ya kuvunja haulipwi kwenye hati nyingi. Fleti ikikaa tupu zaidi ya siku 30 mfululizo, ulinzi wa wizi mara nyingi husimama, basi ukienda safari ndefu iarifu kampuni kabla hujaondoka. Stima kukatika na kurudi kwa kishindo kukaunguza televisheni huhitaji nyongeza ya peke yake, ulizia, na kifaa cha kulinda friji nunua hata hivyo.

Karatasi unazotengeneza na usimamizi

Madai ya bima hushindwa au hufaulu kwa sababu ya mambo uliyoandikiana na usimamizi siku za kawaida, kabla mkasa haujatokea. Siku ya kukabidhiwa funguo, pita fleti nzima pamoja na keyateka, mtunzaji wa jumba. Piga picha kila ukuta, dari, bomba, soketi na grili. Andika nambari ya mita ya stima, usomaji wa mita ya maji, na idadi ya funguo. Tieni sahihi wote wawili, kila mmoja abaki na nakala.

Funguo zina jambo. Mpangaji aliyekutangulia huenda alichonga nakala, na mwizi anayefungua kwa ufunguo haachi dalili ya kuvunja. Omba ruhusa kwa maandishi ubadilishe kitasa, mpe keyateka ufunguo mmoja ndani ya bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi juu ya gundi, na uhifadhi risiti.

Kitu kikiharibika, ongea na keyateka kwa heshima kama kawaida, kisha siku hiyo hiyo mwandikie msimamizi. Ujumbe wa namna hii watosha:

"Asalaam aleikum. Leo Jumanne saa 3 asubuhi nimeona dari ya bafu, fleti B4, inavuja karibu na taa. Picha nimeambatanisha. Nimemweleza mzee keyateka. Nimezima swichi ya taa hiyo. Tafadhali nijulisheni fundi atakuja lini. Shukran."

Ujumbe huo una kazi mbili. Unamfanya mwenye nyumba asiweze kukata dipoziti yako akidai uliacha dari ioze, na unaionyesha kampuni ya bima siku maji yalipoanza, kwa sababu uharibifu wa polepole haulipwi ila wa ghafla hulipwa.

Usikate gharama ya fundi kwenye kodi bila idhini ya maandishi. Ukifanya hivyo utahesabiwa una deni la kodi, na deni la kodi humruhusu mwenye nyumba kutumia dalali wa mnada mwenye leseni. Dalali huyo tu: keyateka hana ruhusa ya kukubebea televisheni wala kukupigia kufuli mlangoni. Lipa kwa akaunti iliyoandikwa kwenye mkataba. Wakala akikuletea nambari mpya ya kulipia, mpigie mwenye nyumba kwanza, na ulizie ikiwa wakala amesajiliwa na bodi ya mawakala wa majumba.

Kwa upangaji wa mwezi hadi mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi isiyopungua muda wa upangaji, nayo iishie siku ya kulipa kodi. Kodi ikilipwa tarehe 1 na notisi ukaitoa Machi 10, itaisha Mei 1, si Aprili 10. Mkataba ukisema vingine, fuata mkataba. Dipoziti ikizuiliwa bila sababu, andika barua ya kuidai ukiambatanisha orodha na picha za siku ya kwanza. Isipojibiwa, mahakama ya madai madogo husikiza madai ya hadi Sh1,000,000. Nyumba ya kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi ina baraza lake la kudhibiti kodi.

Mkasa ukitokea

Mfano wa kawaida wa Malindi ni maji ya mgao. Bomba limekauka, mtu analiacha wazi, analala. Maji yanarudi saa 8 usiku, sinki limezibwa na kitambaa, na alfajiri dari ya jirani wa chini inadondosha matone juu ya kochi lake. Hapa ndipo sehemu ya F inapofanya kazi.

Funga maji, zima stima ya chumba kilicholowa, piga picha kabla ya kupangusa. Mwamshe keyateka. Kwa jirani nenda, umpe pole, umsaidie kuhamisha vitu, lakini usimwahidi kulipa na usitie sahihi karatasi ya kukiri kosa, maana hati nyingi za dhima hukataa kulipa pale mwenye bima alipokiri au kuahidi bila idhini ya kampuni. Mwambie wazi kuwa una bima na utaiarifu asubuhi hiyo. Wizi ukitokea, enda polisi mara moja uchukue nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio, kisha abstrakti, karatasi ya polisi ya kuthibitisha uliripoti.

Iarifu kampuni kwa barua pepe siku hiyo, hata kama fomu utaijaza baadaye. Usitupe kilichoharibika hadi mkadiria akione. Kampuni ikikataa, taka sababu kwa maandishi na kifungu cha hati wanachokitegemea, na usiporidhika peleka malalamiko IRA.

Na ukihama, hata kutoka B4 kwenda C2 jumba lile lile, iandikie kampuni kabla hujahamisha godoro. Hati inalinda vitu vilivyo kwenye anwani iliyotajwa.