Kumwongoza Kijana Kuchunguza Historia ya Ukoo Wake

Kijana wa kidato cha pili anayejibu kila kitu kwa "sijui" huenda amechoshwa tu na maswali ambayo wakubwa wanayajua majibu yake tayari. Mpe swali ambalo hata wewe mzazi hulijui jibu lake, na liwe linamhusu yeye.

Kwa familia nyingi za Tanzania swali hilo liko kwenye mahame. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na Operesheni Vijiji iliyofuata iliwahamisha mamilioni ya watu, wengi wao wakaacha nyuma miembe na makaburi ya wazee wao. Muulize kijana: kwa nini babu mkubwa amezikwa kule, ilhali sisi kwetu ni huku?

Mwache atunge maswali yake kabla ya likizo, ila mfundishe kuyabana. Ukimuuliza bibi maisha ya zamani yalikuwaje, atakupa mawaidha. Ukimuuliza walibeba nini siku ya kuhama, na nani alikataa kuondoka, atakusimulia. Kijana aamkie, akae, asaidie kupukuchua mahindi huku akisikiliza, na aombe ruhusa kabla ya kurekodi kwa simu. Wewe nyamaza, mzazi anayedakia majibu huharibu kazi yote.

Bibi akisema walihama kwa hiari na shangazi akasema nyumba zilichomwa, usimwamulie. Ayaandike yote mawili pamoja na jina la msemaji, kisha atafute umri wa kila mmoja wakati huo. Mzee asiyekumbuka mwaka hukumbuka matukio: alikuwa ameshaoa wakati wa Uhuru mwaka 1961? Mtoto gani alikuwa mgongoni Vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978? Hapo ndipo kijana anapoanza kupima ushahidi, jambo ambalo, kwa maoni yangu, daftari la historia la shuleni humfundisha kwa nadra.

Upande wa mama usisahauliwe, hata kama ukoo unahesabiwa kwa baba. Zipo pia habari, hasa za ndoa na uzazi, ambazo mzee atazikwepa. Kijana asishikilie, bali aandike kwamba swali lilibaki wazi. Akirudi nyumbani, anakili maelezo yote kwenye daftari moja, na nakala ya pili ipelekwe kwa msimuliaji ili asomewe na kurekebisha palipokosewa.