Somo: Kuwashawishi madereva wazime injini wanaposubiri

Habari zenu wanachama. Wengi mliomba somo hili, la magari yanayosimama muda mrefu huku injini inanguruma. Nimelipanga kwa hatua, ila hatua ya pili ndiyo yenye kazi. Nyingine mtazipita haraka.

Hatua ya 1. Chagueni sehemu moja tu, msianze na mji mzima. Mimi ningeanza na lango la shule. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, na kimo chake kinamweka karibu na ekzosi. Moshi wa dizeli wenyewe, shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuingiza mwaka 2012 kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Hatua ya 2. Kaeni pale mhesabu. Watu wawili, daftari na saa, siku kadhaa, muda uleule. Andikeni gari limefika saa ngapi, limezimwa au la, limeondoka saa ngapi. Namba za magari msiandike kabisa. Dereva akiona namba yake inaandikwa atawaona wapelelezi, na hapo kazi imeharibika. Kisha wekeni safu ya mwisho: kwa nini hakuzima? Mtakuta majibu ni yaleyale. Joto, anataka kiyoyozi. Foleni inasogea kidogo kidogo. Au hajui kama atasubiri dakika mbili au ishirini, na hili la mwisho wengi hulisahau.

Hatua ya 3. Tibuni sababu mlizoandika. Aliye juani atafutiwe kivuli cha kuegesha. Shule itangaze saa kamili ya kutoka, na madarasa yakitoka kwa zamu, foleni inapungua yenyewe. Bango bila hatua hizi ni pambo la ukuta.

Hatua ya 4. Sasa ombeni. Mwendeeni dereva kwa mbele akuone, salimu, kisha: "Ndugu, watoto watatoka baada ya dakika kumi hivi. Tunaomba uzime injini ukisubiri." Asante, ondoka. Usimsimamie kuona kama anazima. Mtu akisimamiwa hukaza shingo.

Hatua ya 5. Baada ya wiki chache hesabuni tena vilevile, mtangaze matokeo hata yakiwa mabaya.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, fundi wangu anasema kuzima na kuwasha kila mara kunakula mafuta na kuua stata.
Kwa gari dogo la kisasa, kusimama zaidi ya sekunde 10 hivi injini ikiwaka hula mafuta mengi kuliko kuliwasha upya. Stata haichakai kiasi cha kutisha. Betri ikiwa imechoka, hapo fundi wako ana hoja, badilisha betri.

Na kwenye foleni inayosogea nizime?
Kama gari halina mfumo wa kujizima lenyewe, acha injini iwake. Kamwe usizime likiwa linatembea: usukani na breki vinakuwa vizito.

Asubuhi si lazima lipate moto kwanza?
Nusu dakika inatosha, kisha endesha taratibu. Injini hupata moto upesi ikitembea kuliko ikisimama. Gari lenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) likitoka mwendo mkali au mzigo mzito, lipe dakika moja hivi kabla ya kuzima.

Malori ya mizigo ya baridi je?
Yaacheni, mtambo wa jokofu unahitaji nguvu. Ongeeni na mwenye ghala kama anaweza kuweka umeme wa kuchomeka.

Kwa nini tuombe wakati ingetungwa sheria tu?
Sheria inasaidia. Jiji la New York linaruhusu dakika 3, na dakika 1 tu jirani na shule, na raia anayeripoti lori au basi la biashara hupata sehemu ya faini. Pamoja na hayo, malalamiko bado yanamiminika. Ulizeni kama halmashauri yenu ina kanuni ya namna hiyo. Ikiwepo, nakilini kifungu chake kwenye bango.