Toyota IST ya 2005 au Nissan X-Trail ya 2009?

Ukiwa na bajeti moja na magari mawili mkononi, usikimbilie lenye mwaka mpya. Anza na namba ya usajili, ile herufi ya kwanza baada ya tarakimu: D ilitolewa baada ya C. IST ya 2005 yenye namba D imekula barabara zetu miaka michache zaidi, wakati X-Trail ya 2009 yenye namba C imeshapita mabonde mengi na mafundi wengi. Herufi hiyo inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, si lilitengenezwa lini, na madalali hupenda kuvichanganya.

Kinachofuata ni gia boksi, na hapa ndipo pesa inapopotelea. IST ina otomatiki ya kawaida ya gia nne. Fundi yeyote wa mtaani anaijua. X-Trail nyingi za toleo hilo zina CVT, otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua, inayotaka oili yake maalumu. Ikiwekwa ATF ya kawaida, ile oili nyekundu ya gia boksi za otomatiki, inaharibika. Muulize muuzaji alibadilisha lini na aliweka oili gani. Akijibu "ile nyekundu tu", mimi naondoka.

Mwambie asiwashe gari kabla hujafika, kisha gusa boneti. Ikiwa ya moto, huenda kuna mlio wa kuwasha injini ikiwa baridi anaouficha. Halafu lipandishe mlima taratibu: CVT iliyochoka hupandisha mvumo wa injini huku gari likibaki nyuma, au hutetemeka.

Kama njia ya kwako ni ya makorongo, X-Trail iliyo nzima bado ina sababu zake. Kwa foleni za mjini, ningechukua IST.