Somo: Kuseti besi ya mtindo wa zamani, shingo kwanza

Wakuu, hapa tunazungumzia magitaa ya besi ya mtindo wa Precision ya kampuni ya Fender, ya miaka ya 1950 na 1960, iwe ya zamani kweli au nakala mpya ya vipimo vile vile: urefu wa uzi milimita 864, vidaraja vidogo vya chuma vinavyobeba nyuzi, na nati ya trasirodi (chuma kinachopita ndani ya shingo) iliyofichwa upande wa kiwiliwili. Nati hiyo ndiyo inayotesa wengi. Besi nyingi za kisasa unaingiza ufunguo kichwani, unazungusha, basi. Hii lazima ufungue shingo, na kwa kuwa kazi ni ndefu watu huiruka, wanachezea vidaraja, kisha wanalalamika besi inakwaruza. Kidaraja hakinyooshi shingo iliyopinda.

Andaa bisibisi ya nyota inayojaa vizuri kwenye kichwa cha skrubu, bisibisi bapa pana, fila ya fundi magari (ile ya kupimia valvu), rula ya chuma, kapo (kibano cha kukandamiza nyuzi shingoni), tyuna (kifaa cha kupima sauti ya kila uzi) na funguo ndogo za alenki.

Hatua ya 1: nyuzi. Funga zile utakazopigia, maana kila seti ina mvuto wake. Seti ya 45 hadi 105 (unene kwa maelfu ya inchi) ni ya kawaida. Flati, zilizozungushiwa utepe bapa, mara nyingi huvuta shingo kuliko raundi, zilizozungushiwa waya wa mviringo. Vigingi vya zamani (vya kukazia nyuzi kichwani) vina mpasuo wenye tundu katikati. Nyoosha uzi, acha sentimita 10 hadi 12 kupita kigingi chake, ukunje kona kali, ndipo ukate mbele ya kona. Ukikata kabla ya kukunja, utepe wa nje unaweza kulegea kwenye kiini na uzi ukafa sauti ukiwa mpya. Chomeka ncha tunduni, zungusha mara mbili au tatu, kila mzunguko chini ya uliotangulia.

Hatua ya 2: pima shingo. Tyuni E, A, D, G, kuanzia uzi mnene. Weka kapo freti ya 1 (freti ni vijiti vya chuma kwenye ubao wa shingo, huhesabiwa kutoka kichwani), bonyeza uzi wa E kwenye freti ya mwisho, kisha pitisha fila kati ya uzi na freti ya 8. Lenga milimita 0.35. Ikizidi 0.5, shingo imepinda mbele. Kama hakuna pengo kabisa, imenyooka mno au imepinda nyuma, na freti za karibu na kichwa zitakwaruza hata upige taratibu.

Hatua ya 3: fungua shingo. Hapa usiwe na haraka. Bana nyuzi kwa kapo freti ya 1 zisiruke kwenye vigingi, kisha zilegeze kabisa. Laza besi kifudifudi juu ya blanketi, toa skrubu nne, inua shingo polepole. Ukikuta kipande cha karatasi ngumu au mbao nyembamba ndani ya tundu la kiwiliwili ambamo shingo hukaa, usikitupe. Kiliwekwa kurekebisha pembe ya shingo, na kinarudi pale pale.

Nati ina mpasuo wa msalaba. Weka alama ya penseli ilipo sasa. Ukiitazama uso kwa uso, kuzungusha kwa mwelekeo wa saa kunakaza na kunyoosha shingo; kinyume chake kunalegeza. Robo mzunguko, usizidishe. Ikigoma, acha, mpelekee fundi, kwa sababu trasirodi ikikatika, shingo nzima iko hatarini.

Wakati wa kurudisha, zungusha kila skrubu kinyume cha saa mpaka usikie inadondoka kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Ukilazimisha njia mpya, mbao italika na shingo haitashika tena. Kabla ya kukaza mwisho, vuta nyuzi kidogo uone kama E na G zina umbali sawa kutoka kingo za shingo. Tyuni, pima tena. Mara nyingi utafungua zaidi ya mara moja, na ndivyo besi hizi zilivyo.

Hatua ya 4: kimo cha nyuzi. Kwenye freti ya 17, E iwe milimita 2.4 na G iwe 2. A na D zifuate mviringo wa ubao, ambao ni mkali (nusu kipenyo milimita 184). Kimo unabadilisha kwa skrubu ndogo za vidaraja. Angalia ufunguo: wa milimita 1.5 ndani ya tundu la inchi 1/16 unaingia, lakini unacheza, na utakula kona za skrubu.

Hatua ya 5: usahihi wa noti. Linganisha hamoniki ya freti ya 12 (sauti inayotoka ukigusa uzi tu bila kuubonyeza) na noti iliyobonyezwa hapo hapo. Iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha kidaraja nyuma. Ikiwa chini, kisogeze kuelekea shingo. Precision ya 1951 ilikuwa na vidaraja viwili tu, nyuzi mbili kila kimoja, kwa hiyo huko unatafuta suluhu ya katikati.

Hatua ya 6: pikapu (kifaa cha sumaku kinachonasa sauti ya nyuzi). Bonyeza freti ya mwisho. Kati ya uzi na pikapu acha milimita 3.2 upande wa E na 2.4 upande wa G. Ikigoma kupanda, sponji iliyo chini yake imekufa, weka nyingine.

MASWALI

Mkuu, skrubu moja ya shingo inazunguka bure. Niweke nene zaidi?
Hapana. Jaza tundu kwa njiti za meno na gundi ya mbao, acha usiku kucha, kata zilizobaki, ndipo ufunge skrubu ile ile.

Freti ya 5 hadi ya 7 uzi wa G, sauti inakufa haraka. Nimekosea wapi?
Hujakosea. Shingo hizi zina mtetemo wake unaonyonya noti za hapo. Jaribu kubana kitu kizito kichwani. Sehemu hiyo huhama au hupungua.

Ukumbini nikigusa maiki nikiwa nimeshika nyuzi napigwa shoti. Nikate waya wa ethi ulio chini ya daraja?
Usikate, na acha kupiga hapo mpaka umeme ukaguliwe. Tatizo mara nyingi ni soketi isiyo na ethi, au mikseri na amplifaya kutumia soketi zenye hitilafu. Mwite fundi umeme. Kukata waya hakuondoi hitilafu, na kutaongeza mvumo.

Kile kijiti cha mbao chini ya uzi wa G ni cha nini?
Wakati ule Fender walidhani wengi watapiga kwa kidole gumba, vidole vingine vikishika hapo. Kama unapiga kwa vidole, weka gumba juu ya pikapu.

Nataka sauti nzito, fupi, kama ya James Jamerson, yule mpiga besi wa Motown.
Alipiga Precision ya 1962, nyuzi za flati asizobadilisha, kwa kidole cha shahada peke yake. Kata sponji, iweke chini ya nyuzi karibu na daraja, iguse tu bila kubana. Ikibana sana, noti inatoka kama kugonga ubao.

Niko Tanga, nyuzi zinashika kutu mapema.
Zipanguse kila ukimaliza kupiga, juu na chini. Vidaraja tia tone la mafuta ya cherehani kwenye skrubu kila baada ya miezi michache, la sivyo siku ya kuseti hazitazunguka. Na pima shingo upya masika yakianza.