Somo: Kuvua Naivasha mvua za Machi zinapoanza

Habari zenu wanachama. Wiki mbili hizi swali limekuwa moja, linabadilisha nguo tu: "Mwalimu, video inasema Machi samaki wako chini kabisa, wamepoa, uvute chambo polepole. Nimevuta mpaka mkono umekufa ganzi, mbona sipati kitu?" Video hiyo imepigwa Marekani, kwenye ziwa lililotoka barafuni juzi. Samaki wa Naivasha hajaona barafu tangu azaliwe.

Simcheki mtu, maana nami nilipitia hapo. Machi yangu ya kwanza nilipanda boti na kijana mmoja wa pale Kamere, ufuo wa wavuvi Naivasha. Mimi nina rodi mpya, nina mnyoo wa mpira mwekundu, nimeushusha hadi kwenye tope na kuuburuta kwa adabu kama nilivyofundishwa na intaneti. Yeye ana ufito wa mwanzi, mshipi usiozidi urefu wa ufito, na kopo la majani ya chai lililotobolewa kifuniko. Kabla sijaguswa hata mara moja, alikuwa ameshatia ngege (tilapia) saba kwenye ndoo. Upepo ulipotufukuza, akaniuliza kwa upole, "Mzee, hicho kitu chekundu unachokiogesha ni cha nini?"

Kwenye kopo mlikuwa na kumbikumbi. Nitarudi huko.

Kwanza tuelewane kuhusu Machi

Maji huwa mazito kuliko wakati wote yakiwa nyuzi 4. Ndiyo sababu ziwa huganda kuanzia juu, na samaki wa nchi za baridi hupitisha miezi migumu huko chini ambako maji ni afadhali. Barafu ikiyeyuka, maji ya juu yakapata joto hadi nyuzi 4, huzama, na ziwa zima hujikoroga. Kuanzia hapo mvuvi wa kule anasaka joto: vighuba vya kina kifupi vyenye tope jeusi, ufuo wa kaskazini unaolitazama jua, saa za alasiri baada ya maji kuota jua. Basi (nasema samaki, si gari la Kayole) husogea ufuoni kadiri maji yanavyokaribia nyuzi 15 hadi 20. Hapo dume huandaa kiota na jike hutaga.

Naivasha haifiki hata digrii moja kusini mwa ikweta, nayo iko juu, zaidi ya mita 1,880 kutoka usawa wa bahari. Usiku utavaa koti, lakini maji hayaendi mbali na nyuzi 20 na ushei mwaka mzima. Halafu Machi jua la adhuhuri liko utosini, kwa hiyo hakuna ufuo unaopendelewa. Ukizunguka ziwa ukitafuta "upande wa kaskazini wenye joto" unachoma mafuta ya watu bure. Kinachobadilika kwetu ni mvua, upepo na rangi ya maji.

Hatua ya 1: Chagua siku

Usiende siku mvua inanyesha. Nenda siku mbili tatu baada ya mvua kubwa ya kwanza, anga likiwa limetulia. Mvua hiyo imesomba wadudu na nyungunyungu hadi majini, na samaki wa ufuoni wanajua chakula kimeshuka. Ukichelewa hadi Aprili, mvua imeshakolea na mto Malewa unamwaga tope la Nyandarua kila siku, unabaki na sehemu chache zenye maji yanayoonekana ndani.

Ukitokea Nairobi kwa matatu, uwe stendi ya Nyamakima kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Asubuhi ziwa ni kioo, ila mchana upepo huamka na wimbi la Naivasha si mzaha kwa boti ndogo. Mimi saa tano na nusu naelekeza pua ya boti nyumbani, hata samaki wakiwa wanauma. Hasa wakiwa wanauma, kwa sababu hapo ndipo watu husema "moja ya mwisho."

Hatua ya 2: Ruhusa na boti

Kuvua kwa ndoano pia kunahitaji leseni. Ulizia ofisi ya uvuvi ya Naivasha, kisha ujitambulishe kwa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) ya ufuo unaoutumia, iwe Kamere, Karagita au kwingineko. Watakuambia kama ziwa limefungwa, na nahodha gani anajua viboko wanalala wapi msimu huu. Bei mkubaliane mkiwa nchi kavu. Jaketi la kuokolea livae na ulifunge, usilikalie.

Hatua ya 3: Vifaa

Kwa ngege: mshipi unaohimili kilo 2 au 3, ndoano namba 8 au 10, boya dogo, na chubwi ya ukubwa wa punje ya mtama. Kwa basi: mshipi wa kuhimili kilo 5, ndoano kubwa, na chambo bandia rangi ya kahawia au wekundu uliofifia. Rodi moja ya futi sita na rili ya kawaida hutosha yote mawili. Anayekuambia ununue tatu, muulize kama ana duka.

Hatua ya 4: Soma maji kwa mkono

Hapa ndipo siku hufaulu au huharibika, kwa hiyo tulia. Zamisha mkono pembeni mwa boti, vidole vimenyooka. Maji yakifika kifundo cha mkono na huoni kucha zako, hapo ni tope, songeni mbele. Yakifika kiwiko na bado unaviona vidole kama kivuli, umefika. Ukiviona waziwazi mpaka begani, samaki nao wanakuona, kwa hiyo simama mbali na utupe mbali.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni mpakani. Upande wa kaskazini, mito Malewa na Gilgil inakoingia, baada ya mvua utaona mstari kabisa: huku maji ya chai ya maziwa, huku ya kijani. Samaki wadogo hujificha kwenye chai, wakubwa husubiri kwenye kijani. Boti ikae upande wa kijani, chambo kitue juu ya mstari, ukirudishe kwako.

Mahali pengine ni ile migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini. Ziwa lilipopanda miaka hii ya karibuni lilimeza misitu ya ufuoni, na sasa kila shina ni nyumba ya basi. Pia ni mtego wa mshipi na wa boti, kwa hiyo nahodha aende polepole, na wewe uende na ndoano za kutosha.

Hatua ya 5: Ngege, na lile kopo

Usiku wa mvua ya kwanza, kumbikumbi hujaa chini ya taa za mtaani. Chukua beseni la maji, liweke chini ya taa ya geti, watajileta wenyewe. Wachuje, wapukute mbawa, waweke kwenye kopo lililotobolewa pamoja na kipande cha gazeti cha kunyonya unyevu. (Acha wachache wa kukaanga. Safari huanza na kifungua kinywa.)

Ndoano ipitishe kifuani, nyuma ya kichwa. Watu wengi huchoma tumbo kwa sababu ndilo nono, kisha linapasuka, mafuta yanamwagika, na ngege anakula bila kulipa. Boya liweke kumbikumbi futi moja na nusu tu chini ya uso wa maji, karibu na ukingo wa mafunjo. Boya likitikisika tu, ngege anaonja, usinyanyue. Likilala ubavu au likianza kutembea, nyanyua kwa kiganja, si kwa bega.

Kumbikumbi wakikosekana, nyungunyungu wa kwenye samadi.

Hatua ya 6: Basi

Basi si mwenyeji, aliletwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wenye magando, ambao asili yao ni Louisiana, na basi akapata chakula alichozoea kwao. Kwa hiyo igiza kamba. Kamba akishtuka huogelea kinyumenyume kwa kupiga mkia, kisha hushuka chini na kutulia. Tupa chambo kando ya shina, kiache kizame, kivute kwa ghafla mara mbili, kiache kishuke tena. Mara nyingi basi hukamata kikiwa kinashuka, na hutahisi kishindo chochote. Utaona tu mshipi unaenda pembeni, na wewe hujauelekeza huko. Vuta rodi kwa nguvu hapohapo.

Kwa hiyo tofauti na Marekani ya Machi ni mwendo. Kule samaki amepoa, chakula humeng'enywa polepole, hafukuzi. Huyu wetu ana joto la kutosha kufukuza kifaranga cha samaki mpaka kwenye mafunjo.

Hatua ya 7: Samaki akishapatikana

Lowesha mikono kabla ya kumshika unayemrudisha, ule utelezi ndio kinga ya ngozi yake. Wadogo warudishwe. Wa kwenda nyumbani atolewe matumbo mapema, akae kwenye barafu. Safari ya kurudi ni kilomita 90 hivi na foleni ya jioni huijui itakavyokuwa.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kutoka Umoja: Mwalimu, sina pesa za boti. Naweza kuvua nikiwa ufuoni?*

Unaweza, kwenye fuo za umma na mchana pekee. Ila mafunjo yakiwa na uchochoro uliokanyagwa, upana wa mkokoteni, hiyo ni njia ya kiboko. Usisimame ndani yake hata kama hapo ndipo pazuri pa kutupia ndoano. Kiboko akitoka malishoni anarudi majini kwa njia hiyohiyo, naye hapigi honi. Alfajiri yenye ukungu nenda na mtu wa BMU au subiri jua litoke.

*Kutoka South B: Si tuvue tu pale Nairobi Dam, tuokoe nauli?*

Ndugu yangu, hapana. Bwawa lile lilijengwa 1953, na wazee wanakumbuka mashua za tanga zikishindana pale Jumapili. Leo limejaa gugumaji na maji taka. Hata ukimpata samaki, usimpeleke jikoni kwako.

*Kutoka Ruaka: Nimevua mmoja mkubwa, magamba mapana, masharubu manne mdomoni. Ni mumi?*

Mumi, yaani kambare, hana magamba, na masharubu yake ni manane. Huyo ni kapi (carp). Aliingia ziwani karibu na mwaka 2001, na baada ya miaka kumi hivi alikuwa ndiye anayejaza nyavu za Naivasha. Hula chini, akifukua tope. Kama unamtaka, acha boya, tumia chubwi nzito kidogo na donge la ugali uliokandwa na unga kidogo wa ngano ili usiyeyuke. Legeza breki ya rili. Akikimbia mwache akimbie.

*Huyohuyo wa Ruaka: Nikimleta hai nimtie kwenye bwawa la shamba la baba huko Kiambu?*

Usithubutu. Mvua ikifurisha bwawa, kapi anaingia mtoni, na mto hauna geti. Kuhamisha samaki kunataka kibali. Hali kadhalika wale kamba wekundu: watumie palepale ulipowatoa, au wale.

*Dada wa Kasarani: Watoto wangu wana miaka saba na tisa. Nianze nao na basi au ngege?*

Ngege, boya, na saa moja na nusu tu. Mtoto anataka kuona kitu kikitikisika. Basi utamvua wewe wakiwa wamelala kwenye kivuli na nahodha anakuchungia jaketi zao.

*Mwanachama aliyehamia Minnesota: Mwalimu umetusema sana sisi wa huku. Ziwa letu limeanza kuyeyuka, nifanye nini?*

Pole kaka, video zile ni zako. Kwanza usikanyage barafu ya mwisho wa msimu, ikishakuwa ya kijivu na kuachana na ufuo imeoza hata kama inaonekana nene. Angalia kanuni za jimbo lako, kuna samaki ambao msimu wao bado umefungwa. Kisha subiri siku mbili tatu za jua mfululizo, uende alasiri, kwenye kighuba cha kaskazini chenye tope jeusi na kisichopigwa na upepo. Chambo kidogo, chini ya boya, na utulie. Ukidhani unavuta polepole, punguza tena.

Na ule mnyoo mwekundu wa mpira ninao bado kabatini. Ukipita Nairobi Desemba nitakupa, huko utakuwa na kazi.